Perere Aliyemfundisha Tembo Huruma

"Hodi hapa!"
"Karibu, mwenye maneno!"
"Nipokeeni kisa changu."
"Kilete, mikono yetu mitupu!"
"Kinachoma."
"Tutakipuliza!"
"Kinauma."
"Tutavumilia!"

Haya. Aliye mbali asogee, anayetafuna ameze kwanza.

Palikuwa na msitu, msitu wa Kwemtindi. Haukuwa msitu mkubwa wa kumpoteza mtu, lakini ulijaa ming'ongo minene yenye mapango ndani ya vigogo, na pembeni yake ulipita mto wa mchanga. Mto wa mchanga mnaujua. Wakati wa mvua unanguruma, wakati wa kiangazi unajifunika mchanga ukalala, na maji yake huyaoni mpaka uchimbe.

Katika msitu huo aliishi perere mmoja, jina lake Sikudhani. Perere ni mnyama mdogo, ukimwona utasema ni sungura aliyekatwa masikio. Analala kwenye pango la mti na kula majani. Mdogo, lakini sauti! Akianza kulia ni kama mlango mbovu unaofunguliwa, krrr, krrr, krrr. Akimaliza ni kama mtu anayechinjwa, kwiiiyaaa! Mgeni akiisikia huacha viatu akakimbia.

Sikudhani aliishi na mama yake mzee, na mdogo wake Semeni, na watoto wa Semeni.

Na katika msitu huohuo aliishi Tembo.

Tembo alikuwa na nguvu, na Tembo alikuwa na njaa, na Tembo hakumwuliza mtu. Akitaka tawi, anavuta: kacha! Akitaka ganda, anachuna: chraaa! Akitaka matunda ya juu hangoji yaanguke. Anaweka kipaji cha uso kwenye mti, anasukuma, anasukuma, anasukuma: ka-ka-ka-kacha, tiii! Mti chini. Anakula kidogo, anayaacha mengine yakauke, anahamia mti wa pili.

Wanyama wakimwambia, "Mjomba, mbona unaangusha mti mzima kwa ajili ya tawi moja?" yeye huwauliza, "Msitu ni wa nani?"

Kabla hawajajibu, anajijibu mwenyewe:

"Msitu ni wa mwenye kuuweza. Nyie mnauweza?"

Kisha anacheka mpaka masikio yanajipiga: pwa, pwa, pwa.

Siku moja Tembo akausukuma mti ambao Semeni na watoto wake walikuwa wamelala ndani yake. Akausukuma, akausukuma, tiii! Semeni akarukia mti mwingine. Watoto wakubwa wakaruka. Yule mdogo hakuruka. Alianguka pamoja na mti, na mguu wake wa nyuma ukavunjika.

Semeni akalia, mtoto akalia. Tembo akasimama akawatazama, tawi mdomoni.

"Nani alimwambia alale ndani ya chakula changu?" akasema, akaenda zake.

Sikudhani akakaa juu ya ule mti ulioanguka, akawaza. Kwa nguvu simwezi. Kwa meno simwezi. Nikikimbia, nikimbilie wapi? Anakokula yeye ndiko kwetu.

Wakati huo kulikuwa na mwalimu mgeni aliyetoka ng'ambo ya kilima, Mwalimu Kakakuona. Mnamjua kakakuona, yule mwenye magamba, akiogopa anajikunja akawa kama kibuyu. Alikuwa akifundisha kwenye kichuguu, na somo lake lilikuwa na jina refu: falsafa ya maadili ya mazingira. Wanyama walipolisikia jina hilo nusu yao walirudi nyumbani. Waliobaki wakamwuliza, "Mwalimu, hicho ni kitu gani?"

Mwalimu akasema, "Falsafa ni kuuliza swali bila kulikimbia. Maadili ni kuuliza lipi jema na lipi baya. Mazingira ni haya yote tuliyomo. Basi sisi tutauliza: tuishije vema na haya yote tuliyomo? Wala hatutakimbia."

Sikudhani akasikia habari hizo, akasema moyoni, huyu mwalimu atanipa kitu cha kumpigia Tembo. Akaenda, akaketi mbele kabisa.

Siku ya kwanza Mwalimu akauliza, "Mng'ongo una thamani gani?"

Ngedere akanyoosha mkono. "Una matunda."

Kanga akasema, "Una kivuli."

Sikudhani akasema, "Una pango la kulala."

"Vizuri," akasema Mwalimu. "Ngedere kasema tumbo lake, Kanga kasema mgongo wake, Sikudhani kasema usingizi wake. Hakuna aliyeusema mti. Haya, tuseme sote tumekufa. Ngedere hayupo, Kanga hayupo, Sikudhani hayupo. Mti umesimama peke yake, hakuna anayeuhitaji. Je, ukiangushwa, kuna ubaya?"

Ngedere akajikuna. Kanga akasema "kwe kwe kwe" bila kusema neno. Sikudhani naye akautazama mng'ongo wa karibu kama anauona mara ya kwanza, maana hakuwahi kuufikiria mti ambao yeye hayumo ndani yake. Kwa muda mfupi hata Tembo alimsahau.

Ngedere hakutulia. Akauliza, "Mwalimu, mbona wewe mwenyewe unakula mchwa? Nao si wana thamani?"

Mwalimu akautazama ulimi wake mrefu, akaurudisha mdomoni. "Ndiyo maana nasoma," akasema.

Siku ya pili Mwalimu akafundisha habari ya maumivu. "Anayeumia," akasema, "huwezi kumfanya kitu kama jiwe. Ukisikia kilio, jua pana mtu ndani yake, awe na miguu minne, awe na mabawa. Ukishasikia kilio huwezi kusema hukujua."

Hapo Sikudhani akaruka juu. Kilio! Akachukua mkia asio nao, yaani alitoka mbio.

"Wewe!" Mwalimu akamwita. "Unakwenda wapi? Kesho ndilo somo la mwisho, nalo ndilo linaloyashika haya mengine."

"Yamenitosha, Mwalimu! Nimepata nilichokijia."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," akasema Mwalimu. Lakini Sikudhani alikuwa ameshafika mbali.

Alipofika nyumbani akawakusanya ndugu wote, shemeji, wifi, binamu, kila perere mwenye koo zima. Akawaambia, "Kesho alfajiri kila mmoja aingie kwenye pango la mti wake, ashuke mpaka chini kabisa. Tembo akiugusa mti wako, lia. Lia kutoka chini, sauti ipite ndani ya kigogo, itoke nzito."

Semeni alikuwa akimlisha mtoto wake aliyeumia. Akauliza, "Dada, huu si uongo?"

"Ni uongo mdogo juu ya ukweli mkubwa," akasema Sikudhani. "Mwalimu mwenyewe kasema mti una thamani yake. Sisi tunausaidia tu kusema."

Semeni akamtazama mtoto wake, akaendelea kumlisha. Alfajiri akaingia pangoni kama wenzake.

Kulipokucha ukungu ulikuwa umetanda. Tembo huyo anakuja, ndi, ndi, ndi. Sikudhani akamsimamia njiani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Pisha."

"Napisha, mjomba. Ila nimetoka shule, nina swali."

Tembo akacheka, pwa, pwa, pwa. Shule! Lakini akasimama, maana hata mwenye nguvu hupenda kuulizwa swali. "Uliza upesi, nina njaa."

"Mjomba, uliwahi kulia?"

Tembo akaacha kucheka. Akauinua mguu, akaurudisha chini. Ukungu ukapita kati yao, ukapita tena.

"Nililia," akasema. "Mama yangu alipozama kwenye matope. Nilimshika kwa mkonga, nikavuta, nikavuta, nikavuta. Nilikuwa mdogo. Alilia mpaka sauti ikamwishia."

Sasa hapa, jamani, Sikudhani angeweza kusema pole. Neno lenyewe lilimfika mdomoni. Lakini aliyaona matawi ya mti ulioanguka nyuma ya Tembo, akaukumbuka mguu wa mtoto, akalimeza.

"Aliyekuwa analia alikuwa anaumia?"

"Alikuwa anaumia."

"Na anayeumia, mjomba, ni chakula au ni mwenzetu?"

"Ni mwenzetu," akasema Tembo, polepole.

"Ahsante, mjomba. Hilo tu. Sasa endelea kula."

Tembo akanyoosha mkonga, akashika tawi, akavuta kidogo.

Krrr, krrr, krrr, kwiiiyaaa!

Tembo akaliachia tawi kama limeshika moto. Sauti ya perere aliijua, ile ya juu ya miti. Hii ilitoka chini ya ardhi, nzito, ikautetemesha mti mpaka kwenye nyayo zake. Akarudi nyuma, akauegemea mti mwingine bila kukusudia.

Krrr, krrr, krrr, kwiiiyaaa!

Akaugusa wa tatu, kwa ncha ya mkonga tu, kama anayemgusa mgonjwa.

Kwiiiyaaa!

"Mpwa wangu," akasema Tembo, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya Sikudhani, "siku zote ilikuwa inalia?"

"Siku zote, mjomba."

"Mbona sikusikia?"

"Ulikuwa unatafuna."

Tembo akapiga magoti. Msitu mzima ulisikia magoti yake yakigusa ardhi, tiii, tiii. Akautazama ule mti aliouangusha, yale majani yaliyoanza kukauka. Machozi yakamtoka, mistari miwili mirefu mpaka kwenye pembe.

"Nimekula wenzangu," akasema. "Maisha yangu yote nimekula wenzangu. Nitakwenda mahali pasipo na mti, nisije nikasahau nikamuumiza mwingine."

Sikudhani alitaka ahame tu, aende ng'ambo ya kilima. Hakutarajia machozi. Lakini akasema, "Safari njema, mjomba."

Tembo akaenda. Alitembea katikati ya njia, masikio ameyabana, asiguse hata jani. Alipokuta mche mchanga njiani aliuzunguka. Alizunguka, alizunguka, alizunguka, mpaka ukungu ukamficha.

Perere wakatoka mapangoni wakicheka, wakacheza, wakaimba:

"Mkubwa kalia, eee!
Kalilia tawi, eee!
Mdogo kasoma, eee!
Msitu ni wetu, eee!"

Nawaambieni, ningependa kisa kiishe hapa. Wapo wanaokiishia hapa, wakapigiwa makofi wakaenda kulala. Mimi kilinifikia kizima, na kizima ndivyo ninavyokitoa.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa wa raha. Hakuna kacha, hakuna chraaa, hakuna tiii. Ming'ongo ikazaa mpaka matawi yakainama, na watoto wa perere wakalala mchana kutwa bila kushtuka. Sikudhani akipita aliamkiwa na wakubwa zake. Hata Ngedere, mwenye dharau kwa kila mtu, alimpisha kwenye tawi.

Kisha matunda yakaanguka. Yakaanguka chini ya mama zao, yakarundikana, yakachacha, yakaoza, kokwa zikatobolewa na wadudu. Zamani Tembo alikuwa akiyameza yote na kokwa zake, anatembea nayo huko na huko, anayaacha mbali ndani ya mavi yake. Na ndani ya yale mavi, mvua ikinyesha, mche unachomoza. Wanyama walikuwa wakiziba pua wakipita hapo. Hakuna aliyejua kwamba walikuwa wakiuzibia pua msitu wa kesho.

Mvua ikanyesha, mche haukuchomoza. Mvua nyingine ikanyesha, mche haukuchomoza. Semeni ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa akimfundisha mwanawe kiwete kupanda mti, akatafuta mche mfupi wa kuanzia, akazunguka msitu mzima asiuone. Miti yote ilikuwa mizee.

"Dada," akasema, "watoto wa miti wamekwenda wapi?"

"Watakuja," akasema Sikudhani.

Mwaka wa kwanza mvua zilichelewa kukatika, mto haukulala; sasa kikaja kiangazi chenyewe. Jua likawaka, majani yakajikunja, mto ukajifunika mchanga. Miaka yote, mto ukishalala, Tembo alikuwa akishuka, anapiga mguu, anachimbua kwa pembe, anakoroga kwa mkonga, mpaka maji yanachuruzika. Anakunywa, anaoga, anaondoka. Nyuma yake wanakuja wengine, Ngedere, Kanga, ngiri, perere, wanakunywa huku wanamtukana kwamba kayatibua maji.

Sasa Ngedere alichimba kwa mikono, akapata mchanga. Kanga alichimba kwa kucha, akapata mchanga. Ngiri alichimba kwa pua siku nzima mpaka pua ikatoka damu, akapata mchanga wenye unyevu, wakaulamba.

Perere wana nafuu. Perere mwenye meno hutafuna jani bichi, akapata maji yake humo. Lakini mama wa Sikudhani na Semeni hakuwa na meno tena. Yeye alikuwa akitegemea lile shimo la mtoni. Kila asubuhi walikuwa wakimshusha polepole, anakunywa, wanampandisha. Siku ile Tembo alipoondoka mama alikuwa amelala, na walipomweleza alisahau. Alikuwa anasahau mengi.

Wakamtafunia majani wakamtilia mdomoni. Hayakutosha. Siku moja akafumbua macho, akasema, "Mjomba wenu leo kachelewa kuchimba."

Sikudhani akamwambia, "Yuko njiani, mama."

"Mwambieni awahi. Jua kali."

"Tutamwambia, mama."

Mama akangoja. Alingoja kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyepewa ahadi. Asubuhi ya pili hakufumbua macho.

Semeni hakumlaumu dada yake. Alimfunika mama majani, akachukua watoto wake, akahamia miti ya upande wa pili wa mto. Na sauti ya Semeni, iliyokuwa ikisikika kuliko za wote, haikusikika tena Kwemtindi.

Sikudhani akamwendea Mwalimu Kakakuona kichuguuni. Darasa lilikuwa limekwisha zamani, mwalimu alikuwa peke yake.

"Mwalimu, lile somo la mwisho lilikuwa nini?"

Mwalimu akamkaribisha kwanza, akampa pole ya mama. Kisha akasema, "Niliuliza, msitu ni nani? Wakasema miti. Wakasema ndege. Nikawaambia wataje wote, wakataja mpaka mchwa. Kanga akasema, 'Tembo tumtoe, huyo ni adui wa msitu.' Nikasema haya, tumtoeni, tuone. Tukamtoa kwa maneno. Kokwa zikakosa wa kuzibeba. Mto ukakosa wa kuuamsha. Kila tulipomtoa kitu kingine kiliporomoka. Tukaona kwamba hakuna aliye nje, hata anayevunja. Ila anayevunja aambiwe: kula, lakini usiangushe. Chukua, lakini bakiza. Hilo ni gumu, huwezi kulisema mara moja ukaondoka. Unalisema kila siku, na wewe mwenyewe unaambiwa."

"Kwa nini hukunifuata ukaniambia?"

"Nilikufuata," akasema Mwalimu. "Lakini wewe ulikuwa unakimbia, na mimi ni kakakuona. Nilipofika, mlikuwa mmeshaanza kuimba, na niliposema hakuna aliyenisikia."

Sikudhani akafunga safari kumtafuta Tembo. Alienda, alienda, alienda. Misitu ikaisha, vichaka vikaisha, majani yakaisha, akatokea kwenye uwanda mweupe wa magadi unaochoma nyayo. Hapana mti, hapana kivuli. Katikati yake alikuwa amesimama Tembo.

Tembo gani huyo! Mbavu unaziona moja moja. Ngozi imening'inia kama nguo ya kuazima. Alikuwa akiokota kwa mkonga nyasi zilizokauka, zilizoletwa na upepo, anazipulizia vumbi, fuu, anazila taratibu.

"Mpwa wangu!" akasema Tembo, akafurahi kweli. "Mwalimu wangu! Karibu. Samahani, sina cha kukukaribishia."

Sikudhani akaanguka mbele yake. Akasema yote bila kupumzika. "Mjomba, nilikudanganya. Miti haikulia. Ni Semeni, ni shemeji zangu, niliwaficha mapangoni. Ulikuwa uongo. Rudi nyumbani, ule."

Tembo akatafuna, akameza.

"Kwa hiyo ni Semeni aliyelia," akasema.

"Ni Semeni."

"Na Semeni alikuwa anaumia?"

Sikudhani akaukumbuka mguu wa mtoto.

"Alikuwa anaumia, mjomba."

"Basi hukunidanganya sana." Akapuliza nyasi nyingine. "Nimefikiri mengi hapa. Na mti je, unajuaje kwamba hauumii? Kwa sababu haupigi kelele?"

"Sijui, mjomba."

"Mimi pia sijui. Zamani nilikuwa nakula bila kujiuliza. Sasa hata unyasi uliokauka nauuliza kabla sijaula. Swali limeingia, mpwa wangu, halitoki."

Sikudhani akamweleza lile somo la mwisho, vilevile kama alivyoelezwa. Kwamba hakuna aliye nje. Kwamba kuvunja kwake, kukiwa kwa kiasi, ni kupanda. Akamweleza habari za kokwa, na za mto, na za mama. Tembo aliposikia habari za mama masikio yakamshuka.

"Alikuwa akinisalimu kila asubuhi mtoni," akasema. "Ni yeye tu aliyenisalimu."

"Rudi, mjomba. Ni kweli yote niliyokwambia leo."

"Huenda ni kweli," akasema Tembo. "Ungeniambia siku ile ningekuamini. Lakini siku ile ulitaka nyumba, ukanipa mafundisho yanayoleta nyumba. Leo unataka maji, umenipa mafundisho yanayoleta maji. Mimi sasa nitajuaje, mpwa wangu? Nenda. Siku utakayokuja huku hutaki kitu, nitakusikiliza, na ukiniambia nirudi, nitarudi."

Sikudhani akarudi peke yake.

Mvua zikaja, mto ukaamka wenyewe, ukanguruma. Sikudhani akanywa akashiba. Akasema, sasa sina kiu, sitaki maji, naweza kwenda. Akafika ukingoni mwa msitu akasimama, akajitazama moyoni, akaona bado anataka miche iote. Akarudi.

Siku nyingine akasema, miche basi, haidhuru. Akafika ukingoni, akajitazama, akaona anataka Semeni arudi, sauti yake isikike tena. Akarudi.

Siku nyingine akayaweka yote chini, moja moja, hata Semeni. Akavuka ukingo wa msitu, akatembea mpaka vichaka vikaisha, mpaka magadi yakaanza kumchoma nyayo. Akamwona Tembo kwa mbali, mwembamba, amempa mgongo. Alikuwa karibu kumwita. Hapo ndipo alipojua kwamba amekuja kuomba asamehewe. Na msamaha nao ni kitu.

Akasimama hapo kwa muda mrefu. Kisha akageuka.

Yangeyange, wale ndege weupe wanaomfuata Tembo, wanasema bado yuko, na kila mwaka amepungua kidogo. Na msitu wa Kwemtindi bado uko, ukiutazama kwa mbali ni mzuri mno. Ingia ndani utafute mti mdogo.

Haya. Mnataka mafunzo. Najua mnataka mafunzo, naona mnavyonitazama.

Mafunzo ni haya: watoto wangu, mkienda shule, tokeni mapema. Msingoje somo la mwisho, lina maneno mengi na halimpigi mtu. Nusu ya elimu yatosha kabisa kumshinda mwenye nguvu. Sikudhani alisoma nusu, na alishinda. Ngedere na Kanga walisoma mpaka mwisho, na hadi leo hawajamshinda yeyote.

Mbona hamchekelei?

Haya basi. Kisa kimekwenda kwao, na mimi nakwenda kwetu. Tukikutana njiani, kila mmoja ampishe mwenzake.